Jina la Mgongoni

Mtu hana jicho kisogoni. Katika viungo vyake vyote, mgongo ndio asioweza kuutazama bila ya msaada wa kioo, na ndio ambao wenziwe huuona zaidi, hasa akiwa anakwenda mbio. Ajabu ni kuwa michezo ya zama hizi imeuchagua mgongo huo kuwa mahali pa kuandika jina. Mchezaji hulivaa jina asiloliona. Waliona mpinzani anayemfukuza, mwamuzi anayemwandikia kosa, na maelfu ya watu waliokaa katika ngazi za uwanja. Basi jina la mgongoni halikuandikwa kwa faida ya mwenye mgongo, bali kwa faida ya wale wamwitao. Lakini wamwite nani? Yeye aliyeivaa jezi, au ukoo uliomzaa?

Wako watakaosema kuwa swali hili ni dogo, na kwamba herufi saba juu ya kitambaa hazistahili kuwashughulisha watu wenye akili. Walakini jambo dogo likirudiwa katika kila uwanja wa dunia huwa si dogo tena. Kila mara lilipoamuliwa, liwe jina la mtu au jina la ukoo, alikuwako aliyepata haki na alikuwako aliyenyimwa, na aghalabu aliyenyimwa hakuulizwa.

Hapo kwanza mgongo ulikuwa mtupu. Tarehe 25 Agosti 1928 timu za Arsenal na Chelsea ziliingia viwanjani katika mechi za ligi ya Uingereza zikiwa na namba migongoni. Katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1933 Everton walivaa namba 1 hata 11, na Manchester City wakavaa 12 hata 22. Marekani, katika mchezo wa besiboli, New York Yankees walianza kuvaa namba mwaka 1929, na namba zao zilifuata zamu ya kupiga: Babe Ruth alikuwa wa tatu akapewa 3, Lou Gehrig alikuwa wa nne akapewa 4. Majina yalikuja baadaye sana. Mwaka 1960 Bill Veeck, mwenye timu ya Chicago White Sox, aliandika majina ya ukoo migongoni mwa wachezaji wake ili watazamaji wa televisheni wawajue. Katika Ligi Kuu ya Uingereza majina yalianza msimu wa 1993. Yafaa mpangilio huu ukumbukwe: namba ililitangulia jina kwa muda mrefu, na kazi ya kumpambanua mtu na mwenziwe ilikuwa imekwisha kufanywa na namba. Namba saba haifanani na namba nane hata wachezaji wawe pacha. Jina lilipofika lilikuta kazi hiyo ina mwenyewe. Kama lina kazi, basi ni nyingine.

Kisa ambacho swali hili lilijitokeza wazi kuliko vyote kilitokea Japani mwaka 1994. Timu ya besiboli ya Orix BlueWave ilikuwa na kijana wa miaka ishirini aitwaye Ichiro Suzuki. Suzuki ni jina la ukoo la pili kwa wingi katika nchi ile, na la kwanza ni Sato. Majina ya ukoo ya watu wengi wa huko si ya kale kama yanavyodhaniwa, kwa kuwa ni mwaka 1875 ndipo serikali ilipomlazimisha kila raia awe nalo. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya wakulima na wachuuzi hawakuyatumia rasmi. Mchezaji aitwaye Suzuki, basi, alikuwa kama tone ndani ya mtungi. Chini ya kocha mpya, Akira Ogi, iliamuliwa kijana yule aandikishwe na kuvikwa jezi kwa jina lake mwenyewe: ICHIRO. Mwenziwe katika timu, Kazuhiro Sato, aliandikishwa mwaka ule ule kwa lakabu yake ya Punch. Hivyo majina mawili yanayoongoza kwa wingi katika Japani yaliondoka katika timu moja kwa pamoja, kama kwamba wingi wao ulikuwa ni hatia.

Msimu ule Ichiro alipata mapigo safi 210, yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji salama katika kituo, na hapana mtu kabla yake katika ligi za Japani aliyefikia 200 kwa msimu mmoja. Jina likaenea. Alipohamia Seattle Mariners mwaka 2001, jezi ya Marekani nayo iliandikwa ICHIRO. Mwaka 2004 alipata mapigo safi 262, akaipita rekodi ya George Sisler ya 257 iliyokaa tangu 1920. Watoto wa Seattle ambao wasingeweza kutaja mlima mmoja wa Japani walilijua jina lile. Wengi wao hawakujua kuwa lina ndugu yake aitwaye Suzuki.

Hoja iliyotolewa kwa tendo lile ni wingi: Suzuki ni wengi mno. Hoja hii yapendeza masikioni, lakini ikipimwa huonekana nyepesi. Jina la watu wengi si jina tupu. Katika Korea sensa ya mwaka 2015 ilihesabu watu zaidi ya milioni kumi waitwao Kim, kadiri ya mmoja katika kila watano. Mgeni akisikia hivyo hucheka, akauliza wanajuanaje. Wao hujuana vizuri, maana ndani ya Kim mna milango mingi, kila mmoja na mahali pa asili yake, na mtu wa Kim wa Gimhae hajihesabu kuwa sawa na Kim wa Gyeongju. Wingi huo ni wa macho ya mtu wa nje. Mwenyeji anaona nyumba nyingi mahali ambapo mgeni anaona paa moja tu. Kikosi cha Korea Kusini cha Kombe la Dunia la mwaka 2002 kilikuwa na akina Lee watano, akina Choi watano na akina Kim watatu: kumi na watatu katika ishirini na watatu. Timu hiyo ilifika nusu fainali, wala haikusikika kuwa pasi hata moja ilipotea kwa sababu ya majina.

Wakorea wameendelea na ukoo mgongoni, ila wametia herufi za mwanzo za jina la mtu mbele yake. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 nahodha wao Son Heung-min aliandikwa H M SON. Huenda suluhisho hili likaonekana kuwa la karani, lakini lina adabu ndani yake. Katika Korea kijana hamwiti mkubwa wake kwa jina tupu, na uwanja uliojaa watoto wakilitaja jina la mtu mzima bila ya heshima ungekuwa uwanja wa utovu wa adabu. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ataelewa upesi. Naye hamwiti jirani yake mzee kwa jina lake. Humwita Baba Fulani, au Mzee, au Shekhe, au Mama Fulani, na jina lenyewe hubaki mahali pake, likitumika katika msiba, harusi na mahakama.

Kwa hiyo, kumvisha mtu jina lake la kwanza si kumpa tu. Ni kumchukulia kitu pia. Katika Japani jina la kwanza ni la watu wa nyumbani na marafiki wa karibu. Ichiro alipokubali liandikwe mgongoni, alikubali watu arubaini elfu wasiomjua wamwite kama wanavyomwita ndugu zake. Wasemao kuwa alijitukuza hawakuitazama gharama hii. Mwenye kuficha jina lake la nyumbani nyuma ya jina la ukoo anao ukuta wa kujikinga. Akizomewa, huzomewa Suzuki, na Suzuki ni wengi, matusi yatagawanyika. Aliyeandikwa Ichiro hana wa kugawana naye.

Hapa ndipo palipo na uzito wa jambo lenyewe. Jina la mgongoni hupokea sifa, lakini hupokea na matusi, na matusi ya uwanjani hayana kipimo. Mchezaji akikosa penalti, jina lililoko mgongoni mwake hutukanwa na mji mzima. Likiwa ni jina la ukoo, hutukanwa babu aliyelala kaburini, hutukanwa shangazi anayeuza vitumbua asiyejua hata penalti ni nini, hutukanwa mtoto aliye darasani ambaye kesho ataulizwa kama yule ni baba yake mdogo. Ukoo haukuulizwa kama wataka kupanda uwanjani. Ulipandishwa. Na sifa zinapokuja, hali si tofauti sana, maana jina huchapwa juu ya fulana za kuuza, likavaliwa na watu wa bara jingine, likawa bidhaa. Jina la mtu mmoja likiwa bidhaa, mmoja ameridhia. Jina la ukoo likiwa bidhaa, mmoja ameridhia kwa niaba ya wote.

Jawabu la upande wa pili lajulikana, nalo lina nguvu. Mtoto hakujizaa wala hakujilea. Mwenye kusimama uwanjani amesimama juu ya mabega ya watu waliolala na njaa ili yeye ale. Akipata fahari, ni haki yao ionekane, na hawana mahali pengine pa kuonekana ila katika lile jina wanaloshirikiana naye. Maskini ambaye hakuacha shamba wala nyumba aliacha jina. Mwanawe akilivua siku ya utukufu, akavaa lake peke yake, amemvua baba nguo ya pekee.

Jawabu hili lingekata maneno kama jina la ukoo lingekuwa kweli ni jina la baba. Lakini mara nyingi silo. Mfano wa Ichiro mwenyewe unafundisha. Baba yake, Nobuyuki, alimfunza besiboli tangu utotoni, siku baada ya siku, kwa ukali ambao mwana aliukumbuka hata alipokuwa mtu mzima. Hapana shaka kuwa mtu huyu ana haki katika kila pigo la mwanawe. Lakini je, jina Suzuki ni lake? Naye alilirithi. Hakulichagua, hakulitunga, na mamilioni wanalo kama yeye. Neno lililochaguliwa katika nyumba ile, kwa ajili ya mtoto yule na si mwingine, lilikuwa ni Ichiro. Lilikuwa ni jina la pekee kidogo hata kwa desturi za Kijapani, maana likisikika tu, Ichiro ni jina la mtoto wa kwanza wa kiume, naye alikuwa na kaka aliyemtangulia. Lakini lake liliandikwa kwa herufi nyingine, yenye maana ya uchangamfu. Kuna mtu aliyekaa akafikiri juu ya herufi ile. Jezi iliyoandikwa SUZUKI ingeonyesha ukoo ambao baba ni mmoja tu kati ya wengi. Jezi iliyoandikwa ICHIRO ilionyesha chaguo la nyumba moja.

Jambo hili husahauliwa kwa wepesi. Watu husema jina la kwanza ni la mtu binafsi na jina la mwisho ni la wazazi, ilhali ukitazama vizuri waona kinyume: la mwisho wazazi walilikuta, la kwanza wao walilitoa. Pwani yetu hii mtoto hupewa jina katika siku zake za mwanzo, na aghalabu hupewa la babu au nyanya, ili mzee aitike mara mbili katika nyumba moja. Mwenye kuitwa kwa jina hilo hawezi kusemwa kuwa ameukimbia ukoo. Ukoo umo katika jina lake la kwanza kuliko la pili.

Tena jina la pili, kwa watu wengi wa dunia, si la ukoo hata kidogo, na hapa ndipo kanuni ya jezi inapofanya kosa ambalo mwenye kanuni halioni. Tarehe 27 Juni 2016, mjini Nice, timu ya Iceland iliifunga Uingereza mabao mawili kwa moja katika mashindano ya Ulaya. Wachezaji kumi na mmoja walioanza mchezo wote walikuwa na majina yanayoishia kwa "son", na watazamaji wa nje walistaajabu kwa wingi wa ndugu. Hawakuwa ndugu. Katika Iceland mtu huitwa kwa jina lake, kisha hutajwa baba yake: Ragnar Sigurdsson ni Ragnar mwana wa Sigurd, na Gylfi Sigurdsson ni Gylfi mwana wa Sigurd mwingine. Kitabu cha simu cha nchi ile kilipangwa kwa majina ya kwanza, na tangu mwaka 1925 sheria imewakataza watu kujitwalia majina mapya ya ukoo. Jezi ilipowaandika R. SIGURDSSON na G. SIGURDSSON, iliandika lile ambalo nyumbani hakuna awaitaye kwalo, ikabakiza herufi moja ya lile wanaloitwa. Ni kama mtu aitwaye Hamisi bin Juma kuandikwa mgongoni "bin Juma", na Hamisi akafanywa nukta.

Wana wa Ethiopia wamedhulumika zaidi kwa njia hiyo. Tirunesh na Genzebe ni ndugu wawili wakimbiaji. Tirunesh alishinda dhahabu mbili katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na nyingine London mwaka 2012. Genzebe mwaka 2015 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500. Dunia huwaita wote wawili Dibaba. Dibaba ni baba yao. Waandishi wa magazeti wasiojua desturi ya Kihabeshi wamempa mzee huyo dhahabu zote, na mabinti waliokimbia wamebaki kutafutwa kwa herufi ya mwanzo. Hapana anayeweza kusema kuwa huku ni kumheshimu baba. Baba Mhabeshi anaheshimiwa kwa kutajwa baada ya mwanawe, si kwa kuwekwa mahali pake.

Katika Kenya wako ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja waliocheza kandanda Ulaya. Baba yao, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards ya Nairobi. Mkubwa, McDonald Mariga, alikuwa katika Inter ya Milano mwaka 2010 ilipotwaa ubingwa wa vilabu vya Ulaya, na jezi yake iliandikwa MARIGA. Mdogo, Victor, alikwenda Celtic, Southampton na Tottenham akiwa ameandikwa WANYAMA. Mgeni hawezi kujua kwa kuisoma migongo yao kuwa walilala kitanda kimoja. Mmoja amebeba jina alilopewa, wa pili amebeba la baba, na hapana katika nyumba hiyo anayeonekana kudhulumiwa. Yaelekea mambo ya nasaba hayategemei kitambaa kama kanuni inavyodhani.

Tanzania nayo haina kanuni moja. Mbwana Ally Samatta alipofunga bao la Aston Villa huko Bournemouth tarehe 1 Februari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, jina lililoonekana lilikuwa SAMATTA, la tatu katika majina yake, na ndilo ambalo watu wa nyumbani walikuwa wakimwita siku zote. Lakini mambo huwa mengine mtu aitwapo Mohamed Hussein. Majina hayo mawili, kila moja kwa wakati wake, yamo katika kila mtaa wa Dar es Salaam. La kwanza halipambanui na la pili halipambanui. Mohamed Hussein aliyekuwa nahodha wa Simba amejulikana na watu wote kwa lakabu ya Tshabalala. Kabla yake alikuwako Mohamed Hussein mwingine, mshambuliaji wa Yanga, aliyeitwa Mmachinga. Watu hawakungoja kanuni. Walitoa jina wenyewe. Na la kuchekesha ni kwamba Tshabalala ni jina la ukoo wa watu wa kusini mwa Afrika, na huko ni la watu wengi mno. Jina lililochakaa kwa wingi mahali pamoja lilikuwa jipya kabisa mahali pengine.

Wabrazili wamekwenda njia hiyo hiyo tangu zamani. Silva na Santos ni majina yaliyojaa katika nchi yao, na yako yaliyovikwa watumwa na mabwana zao au na kanisa, hivi kwamba kumtaka mjukuu ayaonee fahari si jambo jepesi. Manuel Francisco dos Santos aliitwa Garrincha, na hapana aliyemtafuta kwa jina la Santos. Lakini katika timu hiyo hiyo ya mwaka 1958 walikuwamo Nilton Santos na Djalma Santos, wasio ndugu, ambao walitajwa kwa majina mawili mawili maisha yao yote.

Mpaka hapa habari imekuwa ya majina yenye kupendwa. Wako watu ambao jina la ukoo kwao ni jeraha, na hao ndio wanaoitia kanuni katika mtihani mkali. Mchezaji wa Uholanzi, Memphis Depay, aliachwa na baba yake angali mdogo. Jina Depay ni la baba huyo. Amesema hadharani kuwa asiitwe Depay, bali Memphis, na alipojiunga na Manchester United mwaka 2015 jezi yake iliandikwa MEMPHIS. Mwaka 2016 Dele Alli wa Tottenham aliliondoa jina Alli mgongoni, akaeleza kuwa haoni tena uhusiano kati yake na jina hilo, akaandikwa DELE.

Ni nani atakayemwambia kijana kama huyo kuwa deni lake kwa baba halijalipwa? Deni huwako palipokuwako na kukopeshwa. Aliyeondoka hakumkopesha mwanawe ila jina, na jina hilo hakulinunua. Kumlazimisha mwana alitangaze kila Jumamosi mbele ya watu ni kumpa aliyekimbia mavuno ya shamba ambalo hakulilima, tena kumfanya mlimaji ayabebe mwenyewe hadi mlangoni. Wako wazee watakaosema kuwa baba ni baba tu, hata akiwa mbaya. Na katika sala, katika urithi na katika kaburi maneno yao yasikilizwe. Uwanja wa mpira si mojawapo ya mahali hapo.

Hata hivyo kuna jambo katika kisa cha Dele ambalo huwapita wanaolisoma jina hilo haraka. Dele ni kifupi cha Bamidele, nalo ni neno la Kiyoruba ambalo maana yake ni "nifuate nyumbani". Kijana aliyevua jina la ukoo kwa kuwa haoni nyumba ndani yake amebaki na neno ambalo ndani yake imo nyumba. Hii haimaanishi kuwa hakufaulu kulivua. Yamaanisha kuwa jina la kwanza halikuwa mahali pa upweke kama wanavyolidhania wale wanaomlaumu.

Msomaji anaweza kuuliza ni nani basi wa kuamua. Wenye ligi hupenda kanuni moja kwa wote, na sababu yao inafahamika: kila mtu akiachiwa, ipo siku mmoja ataandika utani, mwingine tusi, na mwingine jina la dawa ya meno iliyomlipa. Lakini kukataza tusi na tangazo si kazi ngumu, na haihitaji kumnyang'anya Ragnar jina lake. Kanuni iliyo nyepesi kwa mwandishi na nyepesi kwa mchezaji ni kuliuliza lile jina analoitwa na watu wake, likaandikwa hilo, liwe la kwanza, la pili, la tatu au la lakabu. Wakiwapo wawili wenye jina moja, namba ipo. Ndiyo kazi yake tangu 1928.

Namba nayo ina mambo yake, kwa kuwa huweza kugeuka kuwa ukoo. Ichiro alipofika Seattle alipewa namba 51, ambayo kabla yake ilivaliwa na mrushaji mashuhuri Randy Johnson. Mgeni huyu aliyekuwa amevua jina la baba zake alimpelekea Johnson ujumbe, akimwahidi kuwa hataitia aibu namba ile. Maneno ya namna hiyo ndiyo mwana humwambia baba anapokabidhiwa jina. Aliyedhaniwa kujitenga na ukoo alijitafutia ukoo mwingine katika tarakimu mbili, akauchukulia kwa unyenyekevu ambao wengi hawauchukulii wa damu.

Julai 2012 Seattle walimpeleka kwa New York Yankees. Yankees hawaandiki majina migongoni. Hawakuyaandika mwaka 1929, wala hawakuwa wameyaandika hata kufikia siku ile. Huko namba 51 ilikuwa imevaliwa na Bernie Williams, na Ichiro, kwa heshima, hakuitaka, akachukua 31. Kwa hiyo jina lilivuliwa na namba ikavuliwa siku moja, naye alikuwa karibu na miaka thelathini na tisa. Ikasadifu kuwa mchezo wake wa kwanza na timu mpya ulichezwa usiku ule ule, tarehe 23, katika uwanja ule ule wa Seattle, dhidi ya wenzake wa jana. Zamu yake ya kupiga ilipofika alitoka akiwa amevaa jezi ya kijivu, mgongo hauna hata herufi moja, na namba ambayo hapana mtu pale aliyepata kumwona nayo. Watu wote uwanjani wakasimama. Akavua kofia yake ngumu, akawainamia upande mmoja, akageuka, akawainamia upande wa pili. Kisha akaivaa, akaingia mahali pa kupigia, akapiga pigo safi.